Mbavu za Baba Pacha

Mama Pacha hakuwa mwanamke wa kupiga mtu. Hilo tuliseme mapema, maana mtaa mzima ulikuja kusema vingine, na mdomo wa mtaa ukishafunguka hakuna fundi wa kuushona.

Alikuwa mwanamke wa maneno, basi. Aliamka nayo, akalala nayo, na mchana kutwa akayagawa bure. Wale mabinti zake pacha waliompa jina waliwahi kusema kuliko watoto wote wa mtaani, kwa kutafuta upenyo wa kujibu. Walipoolewa wote wawili mbali, wenye ndimi mbaya walisema wamekwenda kupumzisha masikio. Mumewe, Baba Pacha, hakulalamika hata siku moja. Alikuwa mtu wa "naam" na "enhe", na mtu wa namna hiyo akioa msemaji, nyumba inakaa.

Baba Pacha alikuwa fundi wa magodoro. Aliitwa nyumba za watu, akalipasua godoro lililochoka, akatoa pamba uani, akaichapa kwa fimbo, akaichambua na kuianika, akairudisha na kushona kingo upya mpaka zikasimama wima. Walikwenda wote, mume na mke, juu ya pikipiki yao ndogo ya pedali, ile aina ambayo injini ikigoma mlimani unamalizia kwa miguu, na heshima yako unaiokota ukifika juu. Baba Pacha alikaa mbele, Mama Pacha nyuma, na mfuko wa sindano na nyuzi katikati yao.

Sasa, macho ya Baba Pacha yalianza kuondoka, na yaliondoka bila kuaga. Kwanza alisema jua la siku hizi limezidi ukali. Halafu akasema wino wa magazeti umechakachuliwa. Mwishowe akasema barabara zimejengwa na wezi, hata hazijulikani zinapoanzia. Mboni zote mbili ziliingia ukungu mweupe, mtoto wa jicho aliyekwisha kuwa mtu mzima, na mtu wa kumtazama machoni kila siku angeliona hilo. Mama Pacha aliliona. Na yeye asiyenyamazia hata inzi, hili alilinyamazia.

Alikuwa na sababu. Kaka mkubwa wa Baba Pacha alipofuka pia, akamalizia umri wake kwenye kiti cha barazani, watu wakimhamisha kufuata kivuli. Siku Mama Pacha alipojaribu kugusia hospitali, mumewe aliweka kikombe chini taratibu. "Mke wangu," alisema, "mwanamume asiyejipeleka kazini kwake mwenyewe ni kabati. Anapanguswa vumbi tu." Basi neno hilo likafungwa. Ingejulikana, leseni ingechukuliwa. Godoro nani angempa kipofu? Na yeye Mama Pacha kujifunza kuendesha hakuthubutu: duniani haogopi mtu wala jini, ila usukani akiushika tu magoti yanaanza kugongana. Kwa hiyo walifanya nini? Waliendelea. Mungu naye, sijui kwa nini, aliwaachia.

Walivyoendelea ndiyo kichekesho chenyewe. Kidevu cha Mama Pacha kilikaa begani kwa mumewe, mdomo sikioni, na safari nzima maneno yanamiminika.

"Hebu lione lile shimo hapo mbele kulia, Baba Pacha, limekuwa kisima sasa, na hao wanaokula kodi zetu wamelala tu."

"Nimeliona," alijibu Baba Pacha, akipinda kidogo kushoto.

"Na huyu mbuzi naye! Kasimama katikati utadhani ana hati ya kiwanja."

"Nimemwona." Akapiga honi.

"Ee, tumefika kwa mwenye duka la rangi, hapa pa kukatia kushoto. Nasikia mkewe karudi kwao tena."

"Karudi?" alisema Baba Pacha kwa masikitiko, akikata kushoto vizuri kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa. Habari za watu na habari za barabara zilipita mdomo mmoja kwa pumzi moja, na Baba Pacha akajua ipi ya kupinda na ipi ya kuhuzunikia. Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama Pacha alimtungia uzi kwenye sindano akisema sindano za siku hizi matundu yake ni ya wizi. Kiti hakikuhama hata kwa kufagia. Kushona, Baba Pacha alishona kwa vidole, na vidole vyake viliona kuliko macho ya mafundi wengi. Hawakulizungumza. Mume alijifanya anaona, mke alijifanya hajui, na kila mmoja alidhani anamsitiri mwenzake.

Ndipo sheria ikaja.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, tusiionee. Watu walikuwa wanakufa, vichwa vinapasuka kwenye lami kila wiki. Gari la vipaza sauti likazunguka mitaani likitangaza: kila anayepanda chombo cha magurudumu mawili chenye injini, kikubwa kwa kidogo, dereva na abiria wake, avae kofia ngumu inayofunika masikio na kidevu, mkanda wake ufungwe. Avae kizibao cha kung'aa. Taa iwake hata mchana. Vioo vya pembeni viwe viwili. Abiria awe mmoja na awe na pa kuwekea miguu. Atakayekiuka, chombo chake kinalala kituoni.

Madereva wote mtaani walinung'unika, isipokuwa Baba Pacha. Yeye alifurahi! "Sheria ni msumeno," alisema, "na mimi sitaki kukatwa." Alikwenda dukani na mkewe, akanunua helmeti mbili za maana, nzito, zimejaa sponji hadi masikioni, na ya kwake akaichagulia kioo cheusi ti. Muuzaji akamwonya: "Mzee, hicho cheusi sana, utaona kweli?" Baba Pacha akacheka kwa kujiamini: "Mwanangu, mimi nitaona kama ninavyoona siku zote." Hapo hakusema uongo.

Asubuhi ya kwanza ya helmeti, Mama Pacha alipanda, akafunga mkanda, akaweka kidevu begani kama kawaida, helmeti kwa helmeti zikagongana ko! Wakaondoka. "Mbele kuna kona," alisema Mama Pacha. Maneno yakazunguka ndani ya helmeti yake, yakamrudia mwenyewe. "Kona, Baba Pacha. Kona ya kwa muuza mbao. Baba Pacha! Kona jamani!" Alisikia sauti yake vizuri kuliko siku zote. Baba Pacha hakusikia kitu, na kwa vile hakusikia kitu alijua barabara imenyooka.

Wakaingia uani kwa muuza mbao. Waliingia kwa mwendo ule ule, taa inawaka, vizibao vinang'aa, wakapita katikati ya marundo mawili ya mbao ambapo hata paka angepita kwa kujibana. Muuza mbao akadhani wamekuja kumsalimia, akainua mkono. Mama Pacha, roho mkononi, hakujua afanye nini. Akambana mumewe ubavu wa kushoto kwa vidole vitano, kwa hofu tu, kama mtu anavyoshika chochote akiwa anazama. Baba Pacha akapinda kushoto. Wakatokea geti la pili, wakarudi barabarani salama salmini.

Walipofika kazini alivua helmeti akajifuta jasho. "Nimepita njia ya mkato," alisema.

"Nimeona," alisema Mama Pacha. "Nzuri."

Kuanzia siku hiyo lugha ikabadilika. Finyo la ubavu wa kushoto, kushoto. La kulia, kulia. Ngumi moja mgongoni, shika breki. Ngumi mbili, simama hapo hapo. Kofi juu ya helmeti, honi. Hakuna aliyemfundisha mwenzake, wala hawakukaa chini kupatana. Mke alifinya, mume akapinda. Na barabara ile, wenzangu, ilikuwa na kona, ilikuwa na mashimo, ilikuwa na mbuzi.

Mapema tu trafiki aliwasimamisha kwenye makutano. Mama Pacha alipiga ngumi mbili, pikipiki ikasimama mbele ya buti za trafiki hata vumbi lisimguse. Trafiki, mtu mzima mwenye kitambi cha kazi, akakagua. Helmeti zote zipo. Mikanda imefungwa. Vizibao vipo, taa inawaka, pa kuwekea miguu papo. Akainama kwenye vioo vya pembeni, akavikuta vimesafishwa vinameta, maana Baba Pacha alivifuta kila asubuhi. Trafiki akasimama wima.

"Mzee," alisema, amefurahi kweli, "nimesimama hapa tangu alfajiri, sijaona dereva kama wewe. Vijana waje wakuone."

Baba Pacha alifunua kioo chake nusu, akapiga saluti. Aliipigia nguzo ya umeme. Trafiki akadhani ni unyenyekevu, akaipenda.

Sasa tuseme ukweli wote, kwa sababu Mama Pacha ni binadamu. Si kila ngumi ilikuwa ya barabara. Nyingine zilikuwa za nyumbani. Kuna siku alikumbuka katikati ya safari kwamba mume huyu huyu angeweza kwenda hospitali akapasuliwa macho yakarudi, watu kibao wamepasuliwa wakarudi wanasoma hata herufi za kwenye dawa, ila ukaidi tu! Akampa ngumi moja mahali ambapo hapakuwa na shimo. Baba Pacha akashika breki kwa adabu, gari la nyuma likapiga honi. Usiku Mama Pacha alilia kimya kimya. Alikuwa anaogopa. Kila walipopanda chombo kile aliogopa, na mtu wa kumwambia hakuwa naye, kwa sababu mtu wake wa kumwambia mambo ndiye huyo.

Siri ya ngozi haikai. Dada mkubwa wa Baba Pacha, wifi yake Mama Pacha, alikuja kumtembelea mdogo wake akamkuta analalamika mgongo, kushona magodoro kunainamisha. Wifi huyu ni mwanamke wa shoka. Akiingia nyumbani kwako hata majongoo yanatafuta adabu. Akasema, lala nikuchue. Akamvua shati.

"Ebo!" Kelele zilifika jikoni. "Nani kakufanya hivi?"

"Nimeanguka, dada."

"Umeangukia vidole?"

Mbavu zote mbili zilikuwa na alama za vidole, tano tano, nyingine za leo, nyingine za juzi zimeanza kugeuka njano. Mgongoni palikuwa na ngumi zimejipanga. Baba Pacha alivuta shati akajifunika. Wifi akatoka nje, akampita Mama Pacha mlangoni bila kuaga. Siku ya pili yake akajibanza kwenye kibanda cha muuza vocha, akaona kwa macho yake: pikipiki inapita mchana kweupe, na mwanamke aliyekaa nyuma anamtandika mumewe, anamfinya, anampiga kofi la kichwa, na mume anapiga honi ya uchungu.

Basi mtaa ukawaka moto. Mama Pacha anampiga mumewe! Tena barabarani! Tena kamvalisha kofia nzito asisikike akilia! Kila mtu alikuwa na lake. Wanawake wawili walikuja kwa mlango wa uani na kilo ya sukari, wakamwomba Mama Pacha awaeleze alianzaje. Kwa upande wa wanaume, bucha lote, lile la mlango wa pili, lilisimama Baba Pacha alipofika kununua nyama. Mwenye bucha akamvuta pembeni, akamkumbatia na aproni yake ya damu, akamnong'oneza: "Vumilia, mzee. Usidhani uko peke yako. Tupo wengi." Akamwongezea mfupa.

Baba Pacha alirudi nyumbani, akaketi, akauweka ule mfupa mezani.

"Watu wanasema unanipiga," alisema.

"Nimesikia," alisema Mama Pacha.

Hapo palikuwa na nafasi, kubwa tu, ya mmoja wao kusema neno lenyewe. Mama Pacha alisubiri. Moyoni alikuwa anamwomba: sema, baba, sema wewe, nikisema mimi nitakuwa nimekuua. Baba Pacha alipapasa meza mpaka akaupata mfupa, akauzungusha.

"Waache waseme," alisema. "Mdomo ni nyumba ya maneno."

Akala chakula, akaenda kulala. Mama Pacha alibaki ameshika kichwa. Angesema neno moja tu mlangoni pake, "haoni", na jina lake lingesafishwa kabla chai haijapoa. Angebaki na jina safi na mume wa kuhamishwa kufuata kivuli. Akaona bora aitwe mpigaji.

Wifi hakulala. Alikwenda hadi ofisi ya ustawi wa jamii, na wito ukaja, wafike wote wawili, mume na mke, asubuhi. Watafikaje? Kwa pikipiki. Na barabara ya kwenda ofisini hapo ina kona kama utumbo. Mama Pacha akawa anapelekwa kushitakiwa kwa kupiga, na ili afike akajibu mashitaka ilimbidi apige njia nzima. Kona ya mwisho, ile iliyo chini ya dirisha la ofisi, ilidai mafinyo mawili, kofi la honi na ngumi mbili za kusimama. Alipoinua macho, dirishani walikuwepo Wifi na afisa mwenyewe, mdomo wazi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, feni iliyozunguka bila kumpuliza mtu, na ukutani picha kubwa ya kampeni: mwanamume na mwanamke juu ya pikipiki, wanacheka ndani ya helmeti. Afisa alikuwa binti mdogo mwenye miwani, mpole, aliyesomea mambo ya nyumba za watu kabla hajawa na ya kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo na feni ilikuwa na kelele, kwa hiyo Baba Pacha hakupata vizuri alipo. Aligeukia kabati la mafaili, akaliinamia.

"Hujambo, binti yangu," aliliambia kabati. "Habari za kazi?"

Afisa akamwinamia Wifi. "Unaona? Hawezi hata kunitazama. Kaogopeshwa mpaka anaongea na samani."

"Nilikwambia," alisema Wifi, machozi yanamlenga.

"Mama," alisema afisa, akimgeukia Mama Pacha kwa ukali aliojilazimisha, "unampiga baba?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alikaa wima, mikono magotini, helmeti pajani, uso wake umejaa heshima kwa lile kabati.

"Nampiga," alisema Mama Pacha.

"Haa! Kwa nini?"

"Asipopigwa haendi sawasawa."

Wifi akapiga yowe la uchungu. Afisa akavua miwani. "Na wewe, baba? Usiogope. Hapa uko salama. Ni kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Baba Pacha, na sauti yake, sikwambii, ilikuwa ya mtu anayesifia. "Ananipiga, na ananifinya. Bila ngumi zake ningekuwa kaburini siku nyingi. Mke kama huyu wachache."

Feni ikazunguka. Afisa akasema polepole, kama daktari aliyeona kipimo kibaya, kwamba mambo haya aliyasoma chuoni lakini hakutegemea kuyaona yamefikia hapa. Uamuzi wake ni huu: watenganishwe. Baba aondoke leo, sasa hivi, akakae kwa dada yake. Na mama akionekana tena amekaa nyuma ya pikipiki hiyo, atapelekwa polisi.

Mama Pacha alijua sasa mumewe atasema. Hapa hana ujanja, atasema mwenyewe. Alimwona anafungua mdomo.

"Sawa," alisema Baba Pacha. "Sheria ni sheria."

Lo, iliuma. Iliuma kuliko kelele zote za mtaa. Mwanamume huyu alikuwa radhi kumwacha yeye, na uzee wote huu waliouchuma pamoja, kuliko kusema neno lenye silabi tatu. Mama Pacha alisimama akatoka nje.

Nje, katika kiwanja cha ofisi, pikipiki ilisimama karibu na geti. Kushoto ndiyo njia ya kutokea. Kulia palikuwa na mtaro unaochimbwa wa bomba la maji, umepita kimo cha mtu, na mchimbaji yuko humo ndani, linaonekana sepetu tu likirusha udongo. Baba Pacha alifika kwenye chombo chake kwa kufuata harufu ya petroli, akapanda. Wifi akapanda nyuma, akavaa helmeti ya Mama Pacha, na afisa mwenyewe akamfunga mkanda, akahakikisha umebana, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Hapo Wifi naye akawa kiziwi.

Baba Pacha akawasha injini. Hakuondoka. Alikaa tu, injini inatetemeka, mgongo umenyooka, mbavu zimejitoa kidogo nje. Mama Pacha aliutambua mgongo ule. Ulikuwa unasubiri.

"Twende basi!" Wifi alipiga kelele ndani ya helmeti. Akampiga mdogo wake ngumi ya mgongo amhimize. Baba Pacha akashika breki. Akampiga ya pili. Baba Pacha akashika breki zote mbili.

"Na wewe?" alisema afisa, ameduwaa.

Wifi hakusikia. Jua lilikuwa linamchoma, akaona kivuli cha mti ng'ambo ya kiwanja, akataka wakasubiri huko. Akamchoma mdogo wake kidole ubavuni amwonyeshe. Ubavu wa kulia.

Baba Pacha alifungua mafuta akakata kulia. Alikata vizuri, bila wasiwasi, kama mtu aliyerudishiwa barabara yake.

Mama Pacha hakujua magoti yake yalipata wapi mbio. Alitua mbele ya gurudumu, visigino kwenye udongo laini wa ukingoni, akaukamata ule usukani anaouogopa kuliko kifo, kwa mikono miwili, gurudumu likamkanyaga pindo la nguo. "Haoni!" alipiga ukelele. "Mume wangu haoni! Jamani haoni, ni kipofu, mimi ndiye macho yake, mwacheni!"

Chombo kikasukuma, kikagoma, kikanyamaza. Baba Pacha alikuwa amezima injini. Alifunua kile kioo cheusi. Macho yake meupe yalitazama juu kidogo ya kichwa cha mkewe.

"Huoni, Baba Pacha," alisema Mama Pacha, sasa kwa sauti ya chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kupita kati yao.

Akauachia usukani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua kando ya mtaro mpaka akafika kwenye ukuta wa ofisi, mkono mdomoni, maana alijua alichokifanya. Afisa alisimama na miwani yake mkononi. Mchimbaji alichungulia kutoka chini. Ni Wifi peke yake aliyeendelea, amekaa nyuma wima na kizibao chake cha kung'aa, anafoka ndani ya helmeti: "Mbona hatuendi? Mdogo wangu, mbona hatuendi?"

Baba Pacha alifungua mkanda wa kidevu. Alivua helmeti taratibu, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akautia ndani ya helmeti hiyo. Kisha akaishika kwa mikono miwili, akainyoosha mbele, pale sauti ya mkewe ilipokuwa mara ya mwisho.

"Shika, Mama Pacha," alisema. "Nimechoka."

Pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na mtaro. Mchimbaji, kwa kuwa kitu kilielekezwa kwake, alitupa sepetu akanyoosha mikono apokee. Mama Pacha akamtikisia kichwa. Akatoka ukutani akinyata, akapita mbele ya afisa, akajipenyeza kati ya gurudumu na shimo, akasimama mahali pale pale mumewe alipodhani yupo.

"Nimeshika," alisema.